Kikwembe cha Mama Ukutani

Mama mmoja wa parokia iliyo kando ya ziwa ametuandikia barua fupi yenye mashaka. Ana kikwembe chenye picha, alichonunuliwa na mumewe kwa sikukuu kubwa. Amekivaa miaka mingi. Sasa kimechakaa upande wa chini, bali picha iliyo katikati ingali nzuri. Binti yake ajuaye kushona ataka kuikata ile picha, kuizungushia pindo, kuitia bitana na kuitundika ukutani. Mama auliza: «Je, si vibaya kukikata? Na kama si vibaya, kazi hii hufanywaje isiharibike?»

Barua hii imetukuta tukilijua jambo lenyewe. Sisi nasi tulikuwa na kikwembe cha namna hiyo, na kabla hakijakatwa kilitugombanisha ndugu wa tumbo moja. Basi tutamjibu mama huyu kwa kusimulia yaliyotupata, wala makosa yetu hatutayaficha, maana ndiyo yaliyotufundisha zaidi.

Swali la kwanza halitatuchelewesha. Nguo iliyopigwa chapa kiwandani ni nguo. Kama padri hakuibariki, yadai heshima ya kawaida tu. Mafundi hukata kila siku vikwembe vyenye sura za maaskofu na za wakubwa wa nchi ili kushona blauzi, wala hakuna anayewashitaki. Tena afadhali sura ya mtu mwema itundikwe ukutani kuliko kukaliwa kitini, jambo tuliloliona mara nyingi misa ikiisha, tukageuza macho. Lakini twafahamu kwamba mama huyu haulizi habari ya sheria. Nguo hiyo imeshika miaka ya maisha yake, naye ajua kuwa kilichokatwa hakirudi.

Wako pia wasemao kwamba kutundika picha iliyotoka kiwandani ni kazi ya wavivu, na kwamba fundi wa kweli hukata vipande vidogo na kuviunganisha mwenyewe hata vifanye picha. Hao hawajui mambo ya zamani. Katika Uingereza, kwa ajili ya jubilei ya mfalme George wa Tatu, mwaka 1810, vilipigwa chapa vipande vya pamba vyenye picha ya kuwekwa katikati ya mfarishi, yaani nguo ya tabaka tatu zilizoshonwa pamoja: uso, kijazo cha kati na bitana. Mwaka 1813 Wellington aliposhinda vita huko Vitoria katika Uhispania, vikapigwa vingine. Katika Marekani, John Hewson wa Philadelphia, aliyekufa mwaka 1821, alipiga chapa picha ya chombo cha maua pamoja na ndege na vipepeo, na wanawake wakaiweka katikati ya mifarishi yao. Kazi yao ilikuwa kuchagua pindo, kupima, na kupitisha sindano maelfu ya mara. Mifarishi hiyo yatunzwa leo katika nyumba za makumbusho.

Tukubali hata hivyo kwamba yuko aliyefanya makubwa kuliko hayo bila msaada wa kiwanda. Harriet Powers alizaliwa utumwani katika Georgia, Marekani, mwaka 1837. Alikata kwa mkono wake sura za watu na wanyama, akazishona juu ya nguo, akasimulia Biblia katika sehemu 11: Adamu na Eva, ngazi ya Yakobo, ubatizo wa Bwana, karamu ya mwisho. Mwaka 1886 mfarishi wake ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, huko huko Georgia. Msichana mmoja mwalimu alitaka kuununua, Harriet akakataa. Miaka michache baadaye shida ikambana, akaomba dola 10, akapata 5. Twaambiwa kwamba baadaye alikwenda zaidi ya mara moja kuutazama katika nyumba ya yule aliyeununua. Sasa uko Washington, katika makumbusho ya Smithsonian. Tunapolifikiri jambo hilo, twaona kwamba si sisi peke yetu ambao nguo iliyoshonwa imetupa machozi.

Na sisi katika Afrika tunavyo vitambaa vilivyo tayari kwa kazi hiyo. Kanga, inayovuka ziwa kutoka Kigoma katika mizigo ya wachuuzi, ina pindo pande zote nne, ina mji wake katikati, na jina lake limeandikwa chini: ni kama mfarishi uliokosa bitana tu. Na katika Kongo vikwembe vya sikukuu vyajulikana na wote. Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja mwaka 1980, na tena mwaka 1985, na Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, watu waliwapokea wakiwa wamevaa nguo za sikukuu hizo.

Kikwembe cha marehemu mama yetu kilikuwa cha Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, sista aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akatangazwa Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Mama alikuwa bado bibi arusi alipokipata. Kilikuwa na urefu wa yadi 2, na ndani yake duara mbili zenye sura ya Anuarite. Alikivaa kila tarehe 1 Desemba, na siku nyingine alizozijua mwenyewe.

Alipofariki alituacha watoto wanne. Duara mbili, watoto wanne: hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza ataiona kuwa ngumu. Dada yetu mkubwa alisema kikwembe ni cha binti wa kwanza. Mdogo wetu wa kiume alisema yeye ndiye aliyekaa na mama katika ugonjwa. Mdogo wetu wa kike hakusema neno, akalia. Sisi tulitoa hotuba ndefu juu ya haki, isiyomsaidia mtu. Mama mdogo, ndugu wa marehemu, akatufokea sote: «Nguo ya marehemu huvaliwa au huzikwa. Haikatwi kama mkate.» Basi tukakifungia sandukuni, tukaona tumefanya busara.

Miaka miwili ilipita. Siku moja mama wa watoto wetu alifungua sanduku akakuta panya wameingia kwa nyuma. Pindo moja lilikuwa limeliwa urefu wa kiganja. Duara hazikuguswa, ingawa katika mojawapo lilikuwako tundu la zamani, lililochomwa na cheche ya mbabula. Tukawaita ndugu, tukakitandaza kikwembe mezani, na mara hii hapakuwa na hotuba. Kila mtu aliona kwamba kwa kukataa kukikata tulikuwa tunawapa panya. Tukapatana kushona mifarishi miwili ya ukutani. Habari ya nani atakaa nayo tutaieleza mbele.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwanza ujue nguo yako ni ya nini. Wazee wa Kalemie wakumbuka kiwanda cha Filtisaf, kilichosokota na kufuma pamba huko zamani mji ulipoitwa Albertville. Siku hizi sokoni pamba imechanganyika na nyuzi za plastiki, na macho hayatoshi kuzitofautisha. Chomoa uzi mmoja ukingoni, uuchome mbali na nguo. Pamba hunuka kama karatasi iungualo na kuacha majivu laini. Ule mwingine huyeyuka, ukaacha kijidonge kigumu. Pasi ya moto mkali itauharibu huu wa pili.

Kisha ufue kila kitambaa peke yake kwa maji baridi, pamoja na kile ulichonunua kwa ajili ya pindo. Kikwembe cha zamani kimekwisha kutoa rangi yake na kujikunja kadiri kiwezavyo. Adui ni kipya. Sisi tulinunua kitenge chekundu, tukakifua mara tatu hata maji yakawa meupe. Kama tungalikishona bila kukifua, siku ya kwanza ya unyevu uso wa Anuarite ungaligeuka mwekundu.

Hapa tunawaita wanafunzi. Picha iliyopigwa chapa mara nyingi haikai sawa na nyuzi za nguo, maana mashine huivuta. Usikate kwa kuifuata mistari ya picha bila kupima. Sisi tulitaka uso wa sentimeta 60 kwa 80. Tuliuchora kwa chaki, tukaacha nje sentimeta 1 kila upande kwa ajili ya mshono, hata kipande chote kikawa 62 kwa 82. Katika mstatili wa 60 kwa 80 ulalo ni 100, kama mlivyofundishwa: 60 mara 60 ni 3.600, na 80 mara 80 ni 6.400, jumla 10.000. Tulipima ulalo mmoja tukapata 101 na nusu, na wa pili 98 na nusu. Maana yake mstatili wetu ulikuwa umelala upande. Tukainyunyizia nguo maji kidogo, tukashika pembe mbili za ulalo ule mfupi, tukavuta polepole watu wawili, tukapiga pasi, tukapima tena. Mara ya tatu ilalo zote mbili zikawa 100. Fundi akiruka hatua hii, mfarishi wake utaning'inia ukutani kama mtu mwenye bega moja.

Lile tundu la cheche tuliliziba kabla ya yote. Katika sehemu iliyoliwa na panya tulitafuta mahali penye mistari na rangi zile zile, tukakata kiraka kilichozidi tundu kwa sentimeta 1 pande zote, tukakunja ukingo wake ndani nusu sentimeta, tukakilaza hata mistari ikakutana, na kukishona kwa sindano nyembamba. Asiyeambiwa haoni.

Baada ya hayo tukashona pindo, nasi hapo ndipo tulipoaibika. Tulikuwa tumejivuna kwa sababu ya ilalo zetu. Tukachukua tepe, tukapima ukingo mrefu wa kipande, tukapata 84 badala ya 82. Tukasema labda tulikosea mwanzoni. Tukakata pindo la 84, tukalishona. Kipande kilipotandazwa mezani, katikati palilala vizuri, na kandokando palijaa mawimbi kama jani la kabichi. Tukapiga pasi: mawimbi. Tukavuta: mawimbi zaidi.

Mama mdogo alikuwa ameketi barazani, akituonyesha mgongo tangu asubuhi, kwa kuwa hakutaka kuiona kazi hiyo. Alijifunza kushona kwa masista katika usichana wake. Alivumilia kusikia tukibishana, mwisho hakuweza. Akaingia, akaishika ile kabichi yetu kwa vidole viwili.

«Mwanangu, ulipima wapi?»

«Ukingoni, Mama.»

«Ukingo uliokatwa hunyoshwa na mikono na pasi. Hauambii kweli. Pima katikati ya nguo, ukate pindo kwa kipimo hicho, ukingo ulazimishwe kulifuata.»

Akaketi akafumua mshono wote yeye mwenyewe, maana hakutuamini na wembe. Basi sikiliza, mama uliyetuandikia, kwa sababu hili ndilo kubwa kuliko yote: pima urefu ukipita katikati ya kipande, wala si kandokando. Kwetu katikati palikuwa 82. Kata mapindo mawili ya 82, mapana sentimeta 14, ambazo 2 zitaliwa na mishono. Tia pini katikati, tia pini pembeni, ndipo uingize pini nyingine na kuugawanya ule ulegevu sawasawa. Yakiisha ya pande ndefu, pima upana upya, ukipita katikati vilevile. Sisi tulipata 86, tukakata ya juu na ya chini. Mfarishi ukiisha utakuwa 84 kwa 104.

Kwa kijazo cha kati, blanketi kuukuu ya pamba, nyembamba, iliyofuliwa, yatosha. Usufi haufai ukutani: huteremka na kukusanyika chini kama uji ndani ya mfuko. Sponji ya godoro huvunjika ikawa unga. Bitana ni shuka ya pamba isiyo na maua, iliyozidi sentimeta 5 kila upande. Tandaza bitana mezani, uso wake ukitazama chini, uibane pembe zote. Juu yake blanketi. Juu yake picha. Kisha piga bandi kwa uzi mweupe, ukianza katikati na kwenda nje, mistari ikiachana kwa upana wa kiganja. Anayeanzia ukingoni hufukuza mikunjo ikakutana katikati, usoni mwa mtakatifu wake.

Kushona kwenyewe ni kazi ya jioni nyingi. Tumia uzi mmoja wa urefu wa dhiraa, maana mrefu zaidi hujifunga, na mapigo manne au matano katika kila sentimeta 2. Fuata mistari ya picha: ukingo wa duara, kitambaa cha kichwani, mabega. Uso usiupitishe sindano. Ukishonwa pembeni tu, kijazo huuinua kidogo, ukatoka mbele. Lakini angalieni: kama mmeshona karibu-karibu katikati na mkaacha pindo tupu, katikati hujikunja na pindo huanza tena mawimbi. Sisi tulichora mistari mishazari katika pindo, ikiachana sentimeta 4, hata uzito wa uzi ukalingana kila mahali.

Tulishona majuma saba. Dada mkubwa alikuja Jumamosi na mfarishi wake, mdogo wetu wa kike alikuja kila jioni baada ya soko. Mama mdogo alishika upande wa madirisha kwa sababu ya macho yake. Hakusema kwamba amebadili fikira, nasi hatukumwuliza. Mazungumzo yalikuwa ya marehemu: jinsi alivyotuchapa kwa mwiko, jinsi alivyoimba bila kujua maneno. Mdogo wetu wa kiume, ambaye hajui kushona, alikuwa akitia uzi sindanoni kwa ajili ya wote, na siku ya tano au ya sita ndiye aliyetoa shauri lililomaliza ugomvi. Alisema: «Nguo ni mbili, nyumba ni nne. Basi zihame. Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya Mama, ziende kwa wale wawili ambao hawakuwa nazo.»

Shauri hilo lilitulazimisha kutengeneza vizuri namna ya kutundika. Usipige misumari pembeni mwa nguo; uzito wote utavuta pembe mbili, na katikati patalegea. Shona kwa nyuma, juu, mfuko mrefu wa bitana, mpana sentimeta 10, ulio wazi pande zote mbili, ukiishia sentimeta 3 kabla ya kila ukingo. Pitisha mwanzi uliokauka, ncha zake zikae juu ya misumari miwili. Hivyo uzito hugawanyika urefu wote. Ukingo wa mfarishi huzungushiwa utepe uliokatwa mpana sentimeta 6 na kukunjwa mara mbili: 84 na 104 ni 188, mara mbili ni 376, kata meta 4, upate za kupinda pembeni na kuunganisha.

Usiutundike mahali jua linapopiga kupitia dirishani, maana rangi itakwisha, wala juu ya mbabula, wala juu ya ukuta unaotoa maji wakati wa masika. Kila mwezi uteremshe, uupunge nje kivulini, utazame nyuma kama mchwa hawajaanza njia. Ukiuhamisha, usiukunje: uviringishe juu ya ule mwanzi, picha ikiwa nje, ili mikunjo ishike bitana wala si uso, ukaufunge katika shuka safi.

Jumapili iliyopita mdogo wetu alikuja kuuchukua kwa zamu yake. Alifika na shuka yake mwenyewe, iliyopigwa pasi. Mama mdogo alimsimamia akiuviringisha, akamrudisha mara mbili kwa sababu ya kulegeza, kisha akatutazama na kuuliza kama kipande cha kitenge chekundu kimebaki. Kimebaki, nusu meta. Asema anacho kikwembe kwake, chenye picha, cha mwaka 1980.